Makinda ya Tai Msituni kwa Bamwana

Mwaka ule ni ule tuliokunywa chai kwa viazi vitamu. Sukari ilipotea madukani, ikapotea kabisa, na hata wenye pesa walizunguka soko la Gitega na vikapu vitupu, wakiuliza kwa sauti ya chini kama watu wanaotafuta dawa ya ugonjwa wa aibu. Basi ulipika chai yako ya tangawizi, ukamega kiazi, ukakitafuna, halafu ukapiga funda juu yake kabla hakijashuka. Ndiyo ilikuwa sukari yetu. Siku ya Idi nilitia ndizi mbivu zilizopondwa kwenye mandazi, yakatoka meusi kama visigino vyangu, watu wakayala na kunyamaza. Ukimuuliza leo mtu wa mtaa wetu mtoto wake alizaliwa lini, atakujibu: mwaka wa viazi kwenye chai. Ndio mwaka ninaousema.

Na ndio mwaka mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Muyinga, akaniambia, "Nyanya, njoo uone watoto wa tai."

Mjukuu huyu ni mtoto wa kwanza wa mwanangu wa kiume. Mwanangu na mkewe wako Kobero, pale mpakani, mume anabadilisha pesa na mke anawapikia madereva wa malori. Pale si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Nilimchukua akiwa bado ananyonya kidole, nikamlea mimi Gitega, kwenye nyumba iliyo nyuma ya msikiti, katikati ya marobota ya vitenge ninavyouza. Kutembea alijifunza kwa kushika ukingo wa meza yangu sokoni. Mimi shule niliiacha mapema, kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe. Lakini yeye akifungua kitabu cha Kifaransa akasoma kwa sauti, wanawake wa sokoni wanaacha kupima vitambaa na kumtazama. Najisifu, ndiyo. Mtu asiyejisifia mjukuu wake, huyo mjukuu amemkosea nini?

Sasa, yule mwingine. Mama wa mke wa mwanangu anakaa Gasorwe, milimani kule Muyinga. Sisi tunaitana bamwana, ndivyo sisi Warundi tunavyoitana wazazi ambao watoto wao wameoana. Bamwana wangu alikulia Tanzania, ukimbizini, akarudi mtu mzima na jembe, Biblia, na Kiswahili kilichonyooka kama cha redio. Changu ni cha mtaa wetu, kinatembea kimeshika Kirundi mkono huu na Kifaransa mkono ule. Siku ya harusi, aliposimama kusema, watu wangu mwenyewe, wa damu yangu, walimpigia makofi mpaka vigelegele. Wivu wangu ulianza siku hiyo na haujakaa chini kupumzika.

Kila vakansi kubwa, shule zikifungwa, mtoto anakwenda kwake. Hilo sikulikataa, ana haki ya kuuona uso wa bibi yake. Lakini tazama: mimi ananiita Nyanya, yule anamwita Bibi. Na vakansi ya mwaka uliotangulia alirudi na maneno mapya mdomoni. Si ndege tena, sasa ni mwewe, ni kipanga, ni tai mwenye shungi. Si mtoto wa ndege, ni kinda. Na kila neno linabebwa na Bibi. Bibi anasema mwewe hurudi mti ule ule. Bibi anasema tai mwenye shungi hali kuku, anakula panya wa mashambani. Bibi anasema anayetaka kuona ndege avae rangi ya majani makavu.

Nikamuuliza, "Na mimi, je, sisemi kitu?"

"Na wewe unasema, Nyanya," akanijibu, wala hakutaka kunikosea adabu. "Unasema nikunje vitenge."

Baba yake naye akamletea darubini kutoka Kobero, dereva mmoja alimwachia. Kwetu tunaiita jimeli. Tangu siku hiyo haikutoka shingoni. Alikula nayo, aliswali nayo mpaka nilipomgombeza. Mimi nilimpa kitanda, sare, viatu, na ugali wa maisha yake yote, lakini nani anavaa kitanda shingoni watu wakione?

Halafu nikasikia harufu ya jambo. Mke wa mwanangu, kwenye simu, alitoa neno akalimeza nusu. Kwamba shule za Muyinga sasa ni nzuri. Kwamba mama yake anakaa peke yake kwenye nyumba kubwa. Kwamba mtoto ana raha sana kule, ananenepa. Mimi nimeuza vitambaa tangu ujana. Mteja akianza kusifu kitambaa cha jirani, najua ameshakiacha changu, bado anatafuta adabu ya kuondokea. Walitaka mtoto akae Gasorwe, asirudi kwangu. Kwa hiyo aliponiita nikaone makinda ya tai, nilikubali haraka mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Lakini safari yangu haikuwa ya makinda. Nilikwenda kumchukua mjukuu wangu kabla vakansi haijaisha, na gauni la kurudia nyumbani nilikuwa nimeshamshonea, limo ndani ya mfuko.

Nilifika Gasorwe jua likiwa katikati ya kichwa. Kilikuwa kiangazi kile ambacho vumbi linapanda mpaka kwenye majani ya migomba na migomba yenyewe inainama kama imepewa habari mbaya. Kutoka barabara kuu nilipanda taksi-velo, na kila tulipofika mlimani nilishuka nikatembea nyuma ya baiskeli kama mchunga ng'ombe.

"Karibu, bamwana wangu, karibu sana, pole na safari," akasema yule mwanamke, mikono yote miwili mbele. "Jua limekuchoma!"

"Jua la kwenu haliko na adabu," nikamjibu.

Akacheka. Ana kicheko kizuri, na hicho nacho ni kosa lake. Kwa siri nilimpima: mwembamba kuliko mimi, mgongo umenyooka, meno yote yamo. Uani kumefagiwa mpaka ardhi inang'aa. Mbuzi wamefungwa kivulini. Nikatafuta kitu cha kukisema vibaya, nikaona kamba ya kuanikia nguo imelegea. Hicho tu.

Mjukuu akatoka mbio, akanikumbatia, ile jimeli ikanigonga kifuani. "Nyanya! Twende sasa hivi! Wakishalala mchana hutawaona."

"We mtoto, mi bado sijakaa hata."

"Utakaa kule kule."

Pale uani alikuwepo pia mzee mmoja, jirani, amevaa koti jeusi la sufu na kofia, joto lile lile linaloua inzi. Nikajiuliza anakwenda kumzika nani. Bamwana akasema, "Huyu ni jirani yangu. Atatusindikiza, anaijua njia." Nikageuka kuitazama njia. Ilikuwa moja tu, inaonekana yote kutoka uani mpaka miti inapoanzia. Mjinga mimi, sikuuliza. Bamwana akajitwisha kibuyu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, nikadhani ni maji.

Msitu wenyewe ni mikaratusi iliyopandwa zamani, miti mirefu yenye magome yanayobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chini yake, kuelekea bondeni, kumebaki kipande cha msitu wa asili, giza na miiba. Majani makavu yalilia chini ya miguu yetu, na hewa ilinukia dawa ya kifua. Kivuli kilikuwepo, lakini kivuli cha mkaratusi ni cha mchoyo, kimejaa matundu. Jasho lilinishuka mgongoni, likafika kiunoni, likasimama kwenye mkanda kama limekwama mpakani Kobero.

Mjukuu alitutangulia anatembea kama paka. Bamwana nyuma yake, naye kama paka. Wote wawili wamevaa kahawia, rangi ya majani makavu, kama mama na mwana waliokata kitambaa kimoja. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, cha njano kali na duara za bluu, kwa sababu sikutaka anione nimechakaa. Njiwa walianza kukimbia kabla sijawafikia.

"Nyanya, hiyo rangi," mjukuu akanong'ona.

"Hii rangi ndiyo imekulisha," nikasema, bila kunong'ona.

Tulikaa kwenye gogo. Sheria za pale alinipa yeye, kinda langu mwenyewe: usiseme, usisimame ghafla, usinyooshe kidole. Nikaona rundo la vijiti juu kabisa kwenye panda ya mti, nikanyoosha kidole. "Nyanya!" Nikakirudisha kidole mapajani kama mtoto aliyekamatwa kwenye chungu. Bamwana hakucheka, na ningependa angecheka, ningepata sababu.

Nilipokuwa mdogo, kwa shangazi yangu kule Bugendana, ndege wa namna hii hakuwa wa kutazamwa. Kivuli chake kikipita uani tulipiga kelele, "Agaca! Agaca!", ndiyo mwewe kwa Kirundi, tukagonga masufuria, tukatupa mawe, na kuku mama akajaza vifaranga chini ya mbawa. Mtu angetuambia kwamba siku moja watu wazima watatoka nyumbani kwao, watakaa juani kimya, kumwangalia mwizi analea watoto wake, tungempeleka kuombewa. Nilitaka kulisimulia hilo. Nilifungua mdomo, mjukuu akaweka kidole kwenye midomo yake.

Akanipa jimeli mimi kwanza. Hilo nalihesabu. Lakini kabla ya kunielekeza aligeuka akauliza, "Bibi, leo wako wapi?" Na yule bila kifaa chochote, kwa macho yake matupu, akaonyesha kwa kidevu: "Mmoja ndani, kushoto. Mwingine amepanda tawi lililokauka."

Mimi niliona majani. Niliona mbingu nyeupe. Niliona kope zangu mwenyewe, kubwa kama nyasi.

"Iko majani tu," nikasema. "Jimeli yako imekufa."

"Subiri, Nyanya." Akasimama nyuma yangu, akanizungushia mikono, akageuza kidude cha katikati, shavu lake limegusa ushungi wangu. Kwa muda ule mdogo nilimpata. Sikutaka kuona haraka, ningeweza kukaa hivyo mpaka jioni nikisema bado, bado.

Halafu kinda likatokea machoni. Loo. Uso mzima, karibu kama mtu aliyekaa mezani mwangu. Jicho la njano, limekasirika, halijui salamu. Manyoya meusi yanayoelekea rangi ya kahawa iliyoungua, bado yana mabaki ya pamba nyeupe huku na huku, kama nguo iliyofumwa nusu mtu akaitwa. Na juu ya kichwa, shungi: fupi, halijakua, linapepea kila upepo ukigusa. Mdomo wazi, anahema kwa joto kama sisi sote.

"Umemwona?"

"Mwanamke mzuri," nikasema.

"Hatujui kama ni mwanamke, Nyanya."

"Mi najua. Tazama anavyowatazama watu."

Ndipo mama yao alipokuja. Sikumwona akija, niliona tu miti imenyamaza, kisha mabawa yenye madirisha meupe yakapita katikati ya vigogo bila kugusa hata jani. Alileta panya, mkia unaning'inia. Akamwacha kwenye kiota, akaondoka bila kukaa. Yule kinda wa ndani, mkubwa, alimrukia panya, akakunjua mabawa yote mawili, akayainamisha chini mpaka yakagusa vijiti, akafanya hema. Panya ndani, yeye juu. Mwenzake wa kwenye tawi alilia, "Kiii! Kiii!", akakaribia. Mkubwa akageuza kichwa tu, bila kuinua bawa.

"Mchoyo huyo," bamwana akanong'ona. "Kila siku anafanya hivyo."

"Si mchoyo," nikasema. "Kapanya kameletewa nani? Kameletewa yeye."

"Wameletewa wote wawili, mama."

"Aliyekafunika ndiye mwenyewe."

Mjukuu akaziba mdomo asicheke. "Nyanya ameshapata wa kwake," akasema. Na ni kweli, nilimpenda yule kinda kuliko vyote nilivyoona Muyinga. Nilimtazama anavyorarua, anavyotupa macho kulia, kushoto, kulia, mabawa hayainuki hata kidogo. Moyoni nilimwambia: funika, mama, funika, usiwasikilize.

Yule mdogo wa kwenye tawi alichoka kulia. Akatembea mpaka ncha ya tawi, hatua za mlevi, akafungua mabawa. Akayafunga. Akayafungua tena. Mjukuu aliacha kupumua, nilimsikia alivyoacha. Kisha kinda likajiachia. Lilianguka zaidi ya kuruka, likapiga mabawa hovyo kama mtu anayekung'uta mkeka, likaugonga mkaratusi wa pili, likaning'inia kwa kucha moja, kichwa chini, halafu likajivuta, likakaa. Likatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Ameruka!" mjukuu akasema kwa pumzi. "Bibi, ameruka!"

Na mkono wake ukashika mkono. Nilikuwa upande wa kulia, yule upande wa kushoto. Mkono ulioshikwa haukuwa wangu.

Niliirudisha jimeli, nikasema nina kiu, na hilo halikuwa uongo. Ulimi ulikuwa umeshikamana na kaakaa.

Bamwana akafanya haraka. Akafunua lile jani la mgomba, na harufu ikaniingia kichwani moja kwa moja: umutobe, maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ile, hayajachacha, anayanywa hata mtoto mchanga. Kumbuka mwaka ulivyokuwa. Mimi sikuwa nimeonja utamu wa kweli tangu Idi. Akachomeka mrija, akaninywesha kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, na mimi nikavuta. Nikavuta tena. Ulikuwa wa baridi, mtamu, mzito, unateremka kama mtu anayekubembeleza. Akavuta yeye. Akavuta mzee. Kibuyu kikanirudia mimi, nikavuta bila haya.

Nilipoinua kichwa nilimwona mzee anafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Ndipo nikaelewa koti.

Kwetu mtu akitaka kukuomba kitu kizito, ardhi, ng'ombe, binti, haji mikono mitupu wala haji na mdomo wake mwenyewe. Anakuja na msemaji aliyevaa koti, na pombe ya ndizi. Mnakunywa kwanza, halafu neno linatoka, na wewe uliyekwisha kunywa umeshamfungulia mlango. Sisi Waislamu wa mjini desturi hiyo haitupati kirahisi. Pombe hatunywi, na mtungi wake unanuka kutoka mbali, ukiuona unakaa macho. Lakini umutobe? Sijawahi kusikia mtu ameombwa kitu kwa umutobe. Yule mwanamke alikaa akafikiri, bamwana wangu haramu haigusi, basi nitamkamulia ndizi tupu. Na akangoja siku ya jua, na akanipandisha mlima. Wallahi, hata katika hilo nilimwonea wivu. Mimi nisingeliwaza.

Mzee akavua kofia, akasimama kama yuko mbele ya watu mia.

"Mama uliyetoka Gitega," akaanza, "waliokunywa mrija mmoja wana sikio moja. Mimi sina neno langu, mimi ni mguu tu, nimetumwa. Mvua ikinyesha kwenye mlima mmoja, maji yake hunywewa na bonde la pili. Ng'ombe akizaa kwa jirani..."

"Mzee," nikasema, "fupisha. Jua ni kali."

"Neno la kuomba halifupishwi, mama. Ng'ombe akizaa kwa jirani, maziwa hayaulizi ua. Wewe ulitupatia kijana wako, sisi tulikupatia binti yetu, hatukulia. Sasa iko nyumba hapa juu, kubwa, mabati mapya, na haina sauti ya mtoto. Mwenye nyumba anaamka anasalimia mbuzi."

"Mbuzi wanamjibu?"

"Wanamjibu vibaya." Hakupoteza njia hata kidogo, mzee yule, alikuwa fundi. Akaonyesha juu kwa kofia yake. "Macho yako mwenyewe yameona. Kinda limetoka mti lilikolelewa, limekwenda mti wa pili. Na mti wa kwanza haukukauka."

"Limekwenda mti wa pili msitu ule ule," nikasema. "Halikupanda hiace likavuka mkoa mzima wa Karuzi."

Mjukuu alikuwa amekaa chini kati yetu, anachambua gome la mti vipande vipande. Hakuinua uso. Nikajua alijua kwamba nitaombwa. Walijua wote, hata tai nadhani walijua, mimi peke yangu ndiye nilikuja na gauni jipya mfukoni.

Bamwana akamgusa mzee mkono, akasema mwenyewe, kwa kile Kiswahili chake cha redio, bila kupandisha sauti. "Bamwana, sikuibii. Ningetaka kuiba ningemwacha tu asirudi, na wewe ungehangaika na simu. Naomba. Umemlea vizuri, kila mtu anaona, mtoto ana adabu, ana akili. Shule iko karibu na hapa. Mimi naishi peke yangu. Wazazi wake wamesema, ukikubali wewe, wao hawana neno. Na likizo zote atakuja kwako."

"Yaani mi niwe vakansi," nikasema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Wewe uwe nyumba, mi niwe vakansi. Anakuja kwangu na mfuko, ananiambia Bibi anasema, anakula mandazi, anarudi kwao."

"Hivyo ndivyo ninavyoishi mimi miaka yote hii, mama," akasema. "Mimi ndiye vakansi."

Nikafanya lile ambalo desturi inakataza, nikajibu pale pale.

"Umutobe nimekunywa, asante. Mtoto simtoi."

Mzee alishtuka mpaka kofia ikamponyoka mkononi. Akaiokota, akaipangusa. "Mama," akasema taratibu, kama anayemsaidia mtu kuvuka daraja, "kwa kawaida mtu hujibu hivi: nimesikia, nitakwenda kuuliza nyumbani. Halafu zinapita siku."

"Nyumbani ni mimi."

Juu, yule kinda wa mti wa pili alianza tena kulia, "Kiii," mara moja moja, na hakuna aliyemtazama. Bamwana alichukua jani la mgomba, akalinyoosha kwenye goti lake, akalikunja, akalinyoosha. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mgongo haukuinama. Nilifurahi kwamba nimemshinda, nasema kweli, furaha ilinipanda kama maji ya moto. Nikaanza kujipangusa majani kwenye kitenge changu cha njano, niinuke, nimwambie mtoto tuondoke.

Mtoto ndiye aliyeinuka kwanza. Alivua jimeli shingoni, akaiweka juu ya gogo. Akachukua kile kibuyu, akakitikisa kusikia kama kimebaki kitu. Akapiga magoti mbele yangu kwenye majani makavu, mikono yote miwili, kichwa kimeinama, vile vile nilivyomfundisha mimi tangu akiwa mdogo kwamba mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja. Akaugeuza mrija ukanielekea. Jasho limemjaa puani kama linavyomjaa baba yake.

"Nyanya," akasema, "kimebaki kidogo. Na mimi nikikuomba?"

Niliutazama utosi wake. Nywele zile nilizisuka mimi kabla hajaja huku, mistari bado imenyooka, na mtu mwingine alikuwa ameipaka mafuta. Kiu ilikuwa bado ipo. Nikashika mrija, nikavuta, nikavuta polepole mpaka chini, mpaka ukaanza kukoroma kwenye kibuyu kitupu. Nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Umutobe nimekunywa, asante. Mtoto simtoi."